Sanamu Nyuma ya Mpiga Mshale: Hotuba kwa Wawindaji wa Elki wa Colorado

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, akina mama na akina baba, nanyi vijana mliomaliza hivi karibuni mafunzo ya uwindaji salama, nawasalimu nyote na kuwashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie matumizi ya sanamu, yaani wanyama wa bandia, katika kuwinda elki, mnyama wetu mkubwa wa jamii ya kulungu, kwa upinde. Ni jambo linalozungumzwa sana madukani, mara nyingi na watu wenye bidhaa ya kuuza. Nitasema mapema ninaloliamini, ili mnaposikiliza yanayofuata mjue ninaelekea wapi. Sanamu haikuumbwa kumvuta elki kutoka mbali, maana hiyo ni kazi ya sauti. Sanamu ina kazi katika mita hamsini za mwisho, pale ambapo masikio ya dume yameshakubali na macho yake bado yanadai ushahidi, na kazi yake ya pili, ambayo kwangu ndiyo kubwa zaidi, ni kuyaondoa macho hayo kwa mwenye upinde.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Elki dume aliyekomaa katika Milima ya Rocky huweza kupita kilo 300, na jike hufika yapata kilo 220. Jimbo letu lina elki wengi kuliko jimbo lingine lolote la Marekani. Msimu wa upinde hapa huanza tarehe 2 Septemba na kwisha tarehe 30 Septemba, na ndani ya mwezi huo ndimo unamoangukia wakati wa kupandana, ambao kilele chake huwa karibu na tarehe 20. Jike huwa tayari kupandwa kwa muda mfupi sana, pengine chini ya siku moja, na asiposhika mimba hurudia baada ya wiki tatu hivi. Ufupi huo ndio unaomfanya dume asilale, apige baragumu lake, yaani ule mlio wake wa kuita, usiku kucha, akwangue miti kwa pembe, agaegae kwenye matope aliyoyakojolea, na akubali kuijia sauti ambayo mwezi Julai asingeigeuzia hata sikio.

Lakini kuijia sauti ni jambo moja, na kuingia katika umbali wa mshale ni jambo lingine. Mwenye bunduki anaweza kumpata elki aliyesimama mita 200 ng'ambo ya bonde. Mwenye upinde, hata ule wa kisasa wenye kapi, anamtaka mnyama ndani ya mita 20 hadi 35, asimame ubavu, tena awe hana wasiwasi. Wengi wenu mliokwenda porini mwaka jana mtalikumbuka tukio hili bila mimi kulisimulia sana: unaita kwa mlio wa jike, dume anajibu, anakaribia, unasikia matawi yakivunjika, kisha anasimama mita 60 au 70 mbele yako nyuma ya kichaka na hasogei tena. Anapiga baragumu papo hapo. Anasubiri. Dakika chache baadaye anageuka na kuondoka polepole, bila kukimbia, kwa sababu hakuogopa kitu. Hali yake ni ya abiria aliyemsikia mpiga debe akiita, akafika kituoni asione basi.

Wanaoanza hudhani dume huyo aliwaona, au kwamba filimbi yao ya mdomoni, ile ya kuigia mlio wa jike, ilikosea sauti. Mara nyingi si hivyo. Elki huweza kuipima sauti inatoka wapi kwa usahihi wa ajabu. Anapofika mahali ambapo, kwa hesabu yake, jike aliyekuwa akilia alipaswa kuonekana, akakuta nyasi tupu na magogo, husimama kwa sababu jambo halilingani. Isitoshe, katika maumbile ya elki ni desturi ya dume kupiga baragumu ili jike amfuate yeye. Kwa hiyo akiwa mahali pa wazi, naye akaamini kwamba jike anaweza kumwona, haoni sababu ya kuendelea kutembea. Mambo hayo mawili ndiyo yanayoamua sanamu iwekwe wapi, na ndiyo pia yanayoeleza kwa nini sanamu iliyowekwa vibaya hudhuru kuliko kutokuwa nayo kabisa.

Kosa ninaloliona mara kwa mara ni kuisimamisha sanamu katikati ya uwanda, ionekane kutoka kila upande, kwa imani kwamba kadiri inavyoonekana mbali ndivyo itakavyovuta zaidi. Dume akiiona kutoka mita 150, haji. Atasimama pale pale alipo na kupiga baragumu, akimwita jike huyo wa kitambaa aje kwake, na jike wa kitambaa, kwa bahati mbaya, hatembei. Baada ya muda dume ataanza kushangaa kwa nini huyu hatikisi sikio wala kuinamisha kichwa kula, na mshangao wa elki haukai sana kabla ya kugeuka hofu. Sanamu inapaswa kuonekana pale tu dume anapofika katika umbali wa mshale, si kabla ya hapo. Tafuteni ukingo wa kilima, bonde dogo, au mahali ambapo miti ya aspeni inakutana na misonobari iliyofumana, kisha mjiulize: dume akitokea pale, mguu wake ukiwa wapi ndipo atakapoiona sanamu kwa mara ya kwanza? Mahali hapo ndipo mpiga mshale anapotakiwa awe amepazunguka kwa mita zake 25 au 30.

Mkiwa wawili, mpangilio wenyewe ni mwepesi kueleza. Mwitaji na sanamu hukaa nyuma, mpiga mshale hutangulia mbele yao kwa mita 35 hadi 50, kuelekea upande anakotoka dume. Dume huwa ameelekeza akili yake yote kwenye sauti, na akitokea ukingoni na kuliona lile doa jeupe lenye manjano la matako ya jike likichungulia kati ya mashina mawili, husogea akilitazama lile doa. Humwoni akipekua vichaka vilivyo karibu naye. Hapo ndipo mpiga mshale anapopata nafasi ya kuvuta upinde, mwendo ambao kwa kawaida ndio unaotuumbua, maana elki hutambua mwendo upesi kuliko anavyotambua umbo. Vuteni wakati kichwa chake kinapita nyuma ya shina. Na mpiga mshale asikae nyuma ya kichaka, akae mbele yake, kwa sababu kichaka kilicho mgongoni humficha vizuri, ilhali kile kilicho mbele humfunga mikono.

Mtu akiwa peke yake, jambo ni gumu zaidi, kwa kuwa sauti na upinde vinatoka mahali pamoja. Wapo wanaoiweka sanamu kando yao kabisa, hatua mbili au tatu, na matokeo yake ni kwamba dume anapoitazama sanamu anawatazama na wao. Iwekeni mita 15 hadi 20 nyuma yenu na pembeni, ili mstari wa macho yake upite kando yenu. Baada ya hapo iteni kwa kuelekeza mdomo nyuma, kwenye sanamu, na mkinyamaza mnyamaze kweli. Dume akishaiona sanamu, hakuna haja ya kuendelea kulia. Kila mlio wa ziada unamrudisha kwenye kuipima sauti, na akiipima vizuri atagundua kwamba haitoki kwenye yule jike anayemwona.

Sasa upepo. Hapa sitakuwa na huruma, kwa sababu hakuna sanamu iliyowahi kumshinda elki aliyepata harufu ya mtu. Macho yake hudanganyika na masikio yake hudanganyika, lakini pua haidanganyiki. Dume aliyeishi miaka kadhaa haji moja kwa moja kwenye sauti. Huzunguka ili afike upande wa chini wa upepo na kunusa kabla ya kujionyesha. Tabia hiyo inaweza kutumiwa. Upepo ukivuma kutoka kushoto kwenda kulia, mwitaji na sanamu wakae nyuma, na mpiga mshale akae mbele na kusogea kidogo upande wa kulia, kwa sababu huko ndiko dume atakakozungukia, naye apitwe kabla dume hajaingia katika harufu ya mwitaji. Lakini mpiga mshale naye ana harufu yake, inayokwenda kulia zaidi. Akisogea kulia mno hatapitwa na kitu, na asiposogea kabisa dume atamzunguka kwa mbali. Ni suala la hatua chache, na kila mahali zina kipimo chake. Kumbukeni pia kwamba katika milima yetu hewa ya alfajiri huteremka pamoja na mabonde, kisha jua likipasha miteremko hewa hugeuka na kupanda, na jioni hurudi tena kuteremka. Ile saa ya mgeuko, kati ya saa tatu na saa nne asubuhi siku nyingi za Septemba, hewa haina mwelekeo wa kuaminika, na mimi huona afadhali kukaa kimya na sanamu ikiwa imekunjwa kuliko kumwita dume aje anuse. Tembeeni na kichupa cha unga mwepesi, mkibinye mara kwa mara, mtaona hewa inakokwenda.

Nimeulizwa ni sanamu ya aina gani mtu anunue. Zilizoenea ni zile za kitambaa kilichochapwa picha halisi ya mnyama, chenye utepe wa chuma unaojikunja na kujikunjua, kama zinazotengenezwa na Montana Decoy. Ni nyepesi, zinaingia kwenye mkoba wa mgongoni, na kwa mtu anayepanda mita mia kadhaa kabla ya mapambazuko uzito si jambo la kupuuza. Udhaifu wao ni ubapa. Dume akizunguka mpaka akaiona kwa ukingo, jike mzima hutoweka mbele ya macho yake, na jambo hilo humshtua kuliko kutoona chochote tangu mwanzo. Kwa hiyo isiwekwe sambamba kabisa wala kukabili kabisa njia anayotarajiwa kuijia. Igeuzwe mshazari, na nusu yake ifichwe na mti, ili akikosa kuiona adhani jike amepita nyuma ya shina. Sanamu inayoonyesha matako na kichwa kilichogeuka nyuma ninaipenda kuliko ile ya ubavu mzima, kwa sababu mnyama aliyekupa mgongo hana wasiwasi, na kwa sababu mara nyingi dume humfuata jike kwa nyuma. Msiweke sanamu inayomkodolea dume macho usoni. Katika lugha ya elki, kukodoa huko ni dalili ya hatari.

Ipo aina nyingine, ndogo, inayofungwa mbele ya upinde wenyewe, na mwindaji huyanyemelea makundi ya elki akiwa nyuma ya uso huo wa kitambaa. Ina faida yake katika nyika zisizo na miti, ambako hakuna pa kujificha. Katika msitu mnene hunasa kwenye matawi na kukuziba usione. Kuhusu sanamu za dume lenye mapembe, sishauri kwa anayeanza. Dume mwenye kundi la majike, akiona au kusikia mpinzani mkubwa, mara nyingi huwakusanya majike wake na kuwahamisha kuliko kuja kupigana. Wanaokuja kwa urahisi ni madume ya pembeni, yasiyo na kundi, na hao wanamtafuta jike. Tena sanamu yenye mapembe ina hatari nyingine ambayo nitaisema baada ya muda mfupi.

Kuna mambo madogo ambayo nayo huharibu kazi. Kitambaa kipya hunuka kiwanda, basi kitundikwe nje, kivulini, siku kadhaa kabla ya msimu. Kisifuliwe kwa sabuni zenye vitu vya kung'arisha nguo, kwa sababu macho ya elki, ambayo hayatofautishi vizuri rangi nyekundu na kijani, huona vizuri upande wa buluu na miali isiyoonekana kwetu, na nguo hizo hung'aa kwao. Kisiwekwe juani, maana kitambaa humeta. Upepo ukiwa mkali, fungeni pembe zake kwa kamba kwenye tawi, na ukizidi, kunjeni mrudi kwenye sauti peke yake, kwa sababu jike anayepiga kelele kama turubai hana mchumba. Mwendo kidogo husaidia: wapo wanaofunga uzi mwembamba kwenye sikio la sanamu na kuuvuta mara moja moja. Mara moja moja, nasisitiza.

Anayeshinda sanamu mara nyingi zaidi si dume, ni jike mzee anayeliongoza kundi. Yeye hana tamaa ya kumfumba macho. Akiiona sanamu atasimama, atainua kichwa, masikio yote mawili yakiwa mbele, ataipigia ardhi mguu, na ikiwa haitikisiki atatoa mlio mkavu wa kubweka ambao ukishasikika kundi zima limekwisha kuarifiwa. Kwa hiyo mkilikuta dume katikati ya majike kumi na tano, sanamu inakabiliwa na macho ya majike kumi na tano. Hapo ni bora kuiacha mkobani.

Nije kwenye usalama, na naomba vijana waliokaa nyuma waache simu kidogo. Sanamu inayomdanganya elki kwa mita 50 humdanganya mtu kwa mita 200. Mwezi wa Septemba katika jimbo letu si wa wenye pinde peke yao. Katikati ya mwezi kuna siku tisa za wenye bunduki za kizamani za kushindiliwa kwa mdomo wa mtutu, na tangu tarehe 2 wapo msituni wawindaji wa dubu wenye bunduki za kisasa. Wao hulazimika kuvaa rangi ya machungwa au ya waridi inayong'aa, lakini wewe uliyevaa nguo za madoadoa umekaa karibu na picha ya elki. Sanamu ibebwe ikiwa imekunjwa na kufichwa ndani ya mkoba, kamwe isibebwe begani ikiwa imekunjuliwa, na ile yenye mapembe ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa kuwa ndiyo ambayo mtu mwenye pupa ataifyatulia. Kabla ya kuisimamisha, funga kitambaa cha rangi ya machungwa kwenye mti ulio karibu, elki hatakijali. Kaa mgongo wako ukiwa kwenye mti mpana kuliko mabega yako. Ukimwona mwindaji mwingine anakuja, usimpungie mkono wala kuita kwa filimbi: sema kwa sauti ya binadamu, kwa nguvu, mpaka akujibu. Na jueni kwamba dubu na simba wa milimani nao huja kwenye sauti ya elki, hasa mkilia kama ndama, kwa hiyo yeyote anayeita peke yake atazame nyuma yake pia.

Upande wa sheria nitapita upesi, kwa kuwa kijitabu cha kila mwaka cha Colorado Parks and Wildlife, idara ya wanyamapori ya jimbo letu, kinasema vizuri kuliko mimi. Upinde uwe na mvuto usiopungua ratili 35, kichwa cha mshale kiwe na upana usiopungua sehemu saba kwa nane ya inchi, na aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1949 au baada ya hapo awe na cheti cha mafunzo. Kumwekea elki chakula cha kumvutia ni kosa. Atakayekwenda kuwinda jimbo jingine asome kijitabu cha huko, kwa sababu yanayoruhusiwa hapa si lazima yaruhusiwe kule. Na kwa wale wanaopenda kupiga kutoka dirishani mwa gari, askari wa wanyamapori katika majimbo mengi ya Marekani wana sanamu zao wenyewe, zinazogeuza kichwa na kutikisa mkia kwa mota, wanazoziweka kando ya barabara kuwanasa majangili. Sanamu hizo hazina tatizo la kutotembea kama zetu.

Mzee mmoja aliniuliza kabla ya mkutano kama huu si ulaghai usiomstahili mwindaji. Swali lake ni la heshima na linastahili jibu. Udanganyifu wa namna hii katika bara hili ni mkongwe kuliko upinde wowote tunaoubeba. Mwaka 1924, katika Pango la Lovelock huko Nevada, wanaakiolojia walichimbua bata wa bandia waliosukwa kwa matete, wenye umri wa yapata miaka 2,000, na baadhi yao walikuwa bado na manyoya. Michoro iliyochapishwa na Theodor de Bry mwaka 1591 inawaonyesha Watimucua, wenyeji wa asili wa Florida, wakiwanyemelea kulungu mtoni wakiwa wamejifunika ngozi za kulungu wazima, na vichwa vyake. Lakini ukongwe peke yake hauhalalishi kitu, na sitaki kujificha nyuma yake. Jibu langu ni lile la mshale. Mshale huua kwa kupasua mapafu, na unahitaji mnyama aliyesimama ubavu, aliyetulia, aliye karibu. Dume asiyejua nini kinaendelea huchezacheza, hujigeuza, hukukabili kifua, na mpiga mshale mwenye papara hulegeza hapo hapo na kumjeruhi mnyama atakayekufa baada ya siku mbili bondeni ambako hakuna atakayemwona. Sanamu iliyogeuzwa vizuri humfanya apite mbele yako ubavu akiwa na shughuli nyingine kabisa. Kwangu mimi hiyo inatosha kuihalalisha, na mahali ambapo haileti jambo hilo siitumii.

Nimalize na kinachofuata baada ya mshale kutoka, kwa sababu wengi huisahau sanamu dakika hiyo. Msisimame, msishangilie, wala msiiangushe. Mwitaji aendelee kulia kwa mlio wa jike, polepole, na sanamu ibaki pale pale. Dume aliyepigwa mapafu akasikia na kuona kwamba jike hakukimbia, mara nyingi huenda hatua chache, akasimama kutazama nyuma, na akaanguka karibu, ilhali aliyeona watu akaruka huweza kwenda mbali kabla ya kuanguka. Subirini nusu saa isiyopungua kama mmeona damu ya povu, na saa kadhaa kama mna shaka kwamba mshale uliingia tumboni. Kisha ikunjeni sanamu kwanza, iingie mkobani, vaeni kitu chenye rangi ya machungwa, ndipo mwende kwenye alama ya mahali alipokuwa amesimama. Nawashukuru, na niko tayari kwa maswali.